Kwa nini injini ya mvuke bado yapendwa

RELI ilifika Thika, kupitia Ruiru, mwaka wa 1913, na kwa miongo kadhaa kahawa na mkonge wa huko vilisafirishwa kwa nguvu za mvuke. Abiria wa leo huvutwa na dizeli, ambayo ni nadra mtu kuipiga picha. Wapenzi wa mvuke huelekea Makavazi ya Reli, Nairobi, kuitazama Mount Gelai, injini nambari 5918 iliyoundwa Manchester mwaka wa 1955. Ina takriban tani 250! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikarabatiwa, ikanguruma tena. Huvutia kwa kuwa haifichi kazi yake: moto huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, vyuma vya pembeni vikazungusha magurudumu. Tatizo ni kwamba boila isiyotunzwa huliwa na kutu, na mafundi walioizoea kazi hiyo wanazidi kupungua.