Pesa za simu hazimjulii mzazi hali

Je, mara ya mwisho kuketi na mzazi wako kijijini ilikuwa lini? Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wengi wetu mijini hutuma pesa kwa simu na kudhani tumetimiza wajibu. Lakini upweke ni hatari kwa afya. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Huongeza hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo.

Isitoshe, pesa hazioni miguu iliyovimba wala dawa za presha zilizobaki bila kumezwa. Tuma pesa, lakini panga safari pia. Ukifika, weka simu kando, ule naye na umsikilize.