Mgongo Unaouma Haukihitaji Kitanda

Kwa miaka mingi, aliyeshikwa na kiuno aliambiwa alale chali, asiguse hata ndoo, asubiri kipoe. Mwaka 1986 Daktari Richard Deyo na wenzake nchini Marekani waliupima ushauri huo kwa wagonjwa 203. Baadhi waliambiwa wapumzike kitandani siku 2, wengine siku 7. Wale wa siku 2 walikosa kazini siku pungufu kwa asilimia 45, na wala hawakuumia zaidi ya wenzao.

Misuli inayoshikilia pingili za uti wa mgongo ikikaa bure hulegea, viungo hukakamaa, na mgonjwa huanza kuogopa kuinama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo. Kwa takriban 9 kati ya kila 10, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Maumivu yao ni ya kweli kabisa, ila si dalili kwamba kuna pingili iliyohama. Ndiyo maana inauma kuona mkulima akiuza mbuzi ili alipie picha ya MRI asiyoihitaji. Mwaka 1994, watafiti wa Marekani waliwapiga picha hiyo watu 98 wasioumwa mgongo: zaidi ya nusu walikutwa na diski (kile kimto kilicho kati ya pingili) iliyotuna. Majibu kama hayo, akisomewa mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu, humfanya ajione kilema.

Kinachosaidia wengi ni rahisi. Kutembea, leo mpaka kona ya mtaa, kesho mbele kidogo. Kukanda kwa maji ya moto. Kurudi kazini mapema, kwa mizigo midogo: anayechota maji ayagawe katika madumu mawili madogo, moja kila mkono, anayepalilia asimame mara kwa mara, ajinyooshe. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amuulize mfamasia kabla ya kumeza dawa ya maumivu.

Wapo wasiopaswa kusubiri. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kukwama au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu: ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maumivu yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda huenda yakawa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Kikicheleweshwa huleta kibyongo au kupooza. Kikiwahiwa hutibika, na katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya dawa zake hutolewa bila malipo.