Mtoto Akiwa na Homa, Msingoje Pesa

Wapendwa wazazi, kaka na dada wa Lobule,

Sisi watoto wenu tunasomea uuguzi Oli, hapa Arua. Mara nyingi mnatuuliza: huko kwenye masomo ya Uganda mmejifunza nini? Tuwajibu kwa kisa kimoja.

Siku moja tukiwa kwenye mazoezi wodini, mama mmoja Mkongo alimleta mtoto wa miaka 2 mwenye degedege. Muuguzi aliuliza homa imeanza lini, nasi tukatafsiri. Mama akasema, "Jana." Muuguzi alipogeuka kuchukua dawa, mama akatunong'oneza kwa Kiswahili: "Leo ni siku ya nne. Nilikuwa natafuta pesa ya fishi."

Tulimwambia muuguzi ukweli palepale. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini sisi wenyewe tulihuzunika, manake tumelelewa hivyo hivyo. Kule Kongo tulizoea kulipa fishi, kulipa kipimo, kulipa sindano, na deni lisipoisha mgonjwa anazuiliwa kutoka. Basi mtu anangoja nyumbani mpaka apate pesa.

Hapa utaratibu ni mwingine. Tangu mwaka 2001 Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali, na sisi wakimbizi tunatibiwa humo pamoja na wenyeji. Ngazi ya kwanza iko mlangoni petu: wahudumu wa afya wa kijiji. Anatoboa kidole, kipimo cha malaria kinatoa jibu kwa dakika 20 hivi, na mtoto wa chini ya miaka 5 anapewa vidonge. Ikishindikana, kuna vituo vya ngazi ya 2. Vya ngazi ya 3 vina maabara na wodi ya uzazi. Vya ngazi ya 4 vina chumba cha upasuaji. Na juu yake ni hospitali, hadi ile ya rufaa ya Arua.

Hatusemi kila kitu ni kizuri. Kuna siku unapanga foleni tangu asubuhi, mwishowe unaambiwa dawa zimeisha, kanunue dukani. Inauma, tunajua. Lakini hata siku hiyo umepimwa, na unaondoka ukijua unanunua dawa gani.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Kwanza, mtoto akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilala asizinduke, mbebeni saa ileile, hata usiku. Pili, mkifika semeni siku za kweli. Msione aibu. Muuguzi anapanga matibabu kwa maneno yenu.

Likizo tutakuja kuwatembelea nyumba kwa nyumba. Mkiwa na maswali, tuwekeeni. Kaeni salama.