Vidole Kabla ya Kalamu

Somo la leo ni la wazazi, nanyi bibi mnaobaki nyumbani na wajukuu wakati wengine wako shambani wakichuma pamba.

Mtoto wa Mwandoya anapelekwa darasa la awali. Mwalimu anampa penseli. Mtoto anaikamata kwa ngumi, kama mtu ashikaye mpini wa jembe. Anachora mstari mmoja, karatasi inachanika, na mkono umekwisha kumchoka. Hapo watu husema kuwa ni mzito wa akili. Sivyo! Akili yake ni nzima. Vidole ndivyo havijazoea kazi. Na mtoto akichekwa siku za kwanza, aweza kuichukia shule kabla hajaijua.

Jambo hili lilimshughulisha sana Maria Montessori, daktari wa Italia aliyezaliwa mwaka 1870. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Miongoni mwa vifaa vyake vilikuwamo vipande vya mbao vyenye vishikio vidogo, ambavyo mtoto huvichomoa na kuvirudisha kila kimoja katika tundu lake. Kishikio hicho hushikwa kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Tazama mkono wako ushikapo kalamu: ni vidole vile vile vitatu.

Vifaa hivyo huuzwa ghali, lakini wewe huna haja ya kuvinunua. Mpe mtoto karanga azimenye. Mpe gunzi la mahindi apukuchue. Ukianika michembe, mwache aipange kipande kimoja kimoja.

Sasa tufanye zoezi moja pamoja. Chukua sinia, weka bakuli mbili, na ile ya kushoto utie mahindi makavu. Keti kando ya mtoto. Hamisha mahindi kwa kijiko, polepole, mpaka bakuli ya kulia, bila kusema neno. Ukisema, atakutazama mdomo badala ya mkono. Kisha mwachie. Akimwaga, usimnyang'anye kijiko. Aokote mwenyewe punje moja moja, maana kuokota huko ndiko kunakofundisha vidole zaidi ya kijiko chenyewe. (Sisi watu wazima hushindwa hapa: tuna haraka, twaona afadhali tufanye wenyewe.) Baada ya siku kadhaa ondoa kijiko, ahamishe kwa vidole. Akiwa hodari, mpe choroko, ambazo ni ndogo zaidi.

Baba naye ana kazi. Akusanye vizibo vya soda, avitoboe kwa msumari, na kingo zenye makali azigonge kwa jiwe mpaka zilale. Mtoto atavitunga katika uzi wa katani uliopakwa nta nchani. Shati kuukuu lenye vifungo vikubwa nalo lafaa: afunge, afungue, afunge tena.

Mtoto akipenda kutumia mkono wa kushoto, mwache. Usimchape wala usimfunge mkono.

Sikilizeni vizuri hapa. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe punje wala vizibo, kwani vyaweza kumpalia. Huyo mpe udongo wa kufinyanga. Aliye mkubwa zaidi asiachwe peke yake na punje. Ikiingia puani au sikioni, usichokonoe kwa kijiti wala usitie maji, kwa sababu punje hulowa ikavimba. Mpeleke zahanati mara moja. Tena mbegu za kupandia zilizopakwa dawa zisiguswe na mtoto kamwe, hata kama amelilia rangi yake.

Kabla ya somo lijalo, tandaza mchanga mkavu juu ya ungo. Andika herufi moja kwa kidole, mtoto aipitie kwa kidole chake, kisha tikisa ungo aanze upya. Juma lijalo tutaanzia kwenye ungo huo.