Wizara ya Sheria na walioiongoza (Sehemu ya 2): Kutoka kwa mtemi hadi hukumu ya Kiswahili

Wiki iliyopita tuliona jinsi Waingereza walivyoigawa haki ya Tanganyika mafungu mawili: mahakama za wenyeji chini ya machifu na watemi, na mahakama za Serikali ya kikoloni zilizoendeshwa kwa Kiingereza. Leo tuwatazame waliokabidhiwa wizara baada ya Uhuru. Nitawapima kwa swali moja: je, walimsogeza mwananchi wa kawaida karibu na sheria inayomhukumu?

Kabla ya hapo niondoe utata mmoja, maana barua nyingi zinazonifikia zinauonyesha. Waziri wa Katiba na Sheria si Mwanasheria Mkuu, wala si bosi wa majaji. Waziri ni mwanasiasa anayeibeba wizara bungeni: sera, bajeti, miswada. Mwanasheria Mkuu, kwa mujibu wa ibara ya 59 ya Katiba, ndiye mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeamua nani afikishwe mahakamani kwa kosa la jinai. Mahakama inaongozwa na Jaji Mkuu, naye hapokei maelekezo ya waziri kuhusu kesi. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kesi ya shamba akipanda basi hadi Mtumba, Dodoma, akamwone waziri ili hukumu itenguliwe, amepoteza nauli na, mbaya zaidi, huenda siku zake za kukata rufaa zikapita akiwa njiani. Zanzibar nayo ina wizara yake, Mwanasheria Mkuu wake na Mahakama Kuu yake. Mahakama ya Rufani ndiyo inayounganisha pande zote mbili.

Turudi mwanzo. Miongoni mwa mawaziri wa sheria wa awali kabisa alikuwa Abdallah Said Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, Tabora. Ukoo wake ulikuwa umeamua mashauri ya watu vizazi na vizazi, naye akajikuta katika Serikali iliyoamua kuziondoa mamlaka za machifu. Mwaka 1963 mamlaka hizo zilifutwa, na mwaka huohuo Fundikira akaachana na uongozi wa Serikali. Alirudi kwenye siasa miaka ya 1990, vyama vingi viliporuhusiwa.

Aliyepokea wizara mwaka 1963 ni mtu ambaye wapenzi wa lugha yetu wanamjua kwa jambo jingine: Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na mtunzi wa kitabu cha kanuni za ushairi ambacho hadi leo hakuna mshairi wa mizani na vina anayekikwepa. Hakukaa muda mrefu. Alihamishiwa wizara ya utamaduni na kufariki dunia Oktoba 1964 akiwa Ujerumani, umri wake miaka 40. Lakini mwaka alioishika wizara ndio mwaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Ilipoanza kutumika Julai 1964, ilifuta ule mgawanyo wa kikoloni na kuweka ngazi moja kwa watu wote: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, mahakama ya hakimu mkazi, na juu yake Mahakama Kuu. Kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine ya wizara hii iliyogusa watu wengi kuliko hiyo.

Nyuma ya mawaziri hao kulikuwa na uhaba mkubwa wa wanasheria. Mwanasheria Mkuu wa kwanza baada ya Uhuru alikuwa Mwingereza, Roland Brown, ambaye Mwalimu Nyerere alimtumia kuandika rasimu ya Hati za Muungano mwaka 1964. Kitivo cha Sheria cha kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961, wanafunzi 14 tu, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mark Bomani alimpokea Brown mwaka 1965, akawa Mtanzania wa kwanza katika kiti hicho na kukikalia hadi 1976. Mwaka 1975 wizara yenyewe alipewa Julie Manning, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwa mawaziri nchini. Mwenzake alikuwa Tabitha Siwale.

Joseph Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu, kisha kuanzia 1983 Waziri wa Sheria. Ni katika kipindi chake, mwaka 1984, haki za binadamu zilipoingizwa ndani ya Katiba, ingawa wananchi walisubiri hadi 1988 ndipo waweze kuzidai mahakamani. Karibu miaka 30 baadaye Warioba huyohuyo aliongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba.

Sasa tuingie mahakama ya mwanzo. Hakimu anaandika maelezo ya shahidi kwa mkono, kwa Kiswahili, na zamani wazee wa baraza nao waliuliza maswali. Mjane anayegombea nyumba ya marehemu mumewe anafuata kila neno. Akikatiwa rufaa, shauri linapanda wilayani, kisha Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi huko juu hukumu ilitoka kwa Kiingereza. Mama yule aliyeelewa kesi yake yote alirudi nyumbani na karatasi asizoweza kuzisoma, akamtafuta mtoto wa jirani aliyefika sekondari amwambie kama nyumba bado ni yake. Hili lilikuwa doa kubwa kwa nchi inayojivunia Kiswahili, na lilidumu muda mrefu mno.

Siku ya Sheria, Februari 2021, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu hadharani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge lilibadili sheria: lugha ya sheria na ya mahakama ikawa Kiswahili, Kiingereza kikibaki kwa pale maslahi ya haki yanapodai. Mlango huo wa Kiingereza ni mpana, na wapo wanaoupita kwa mazoea tu. Kazi ya waziri yeyote atakayeketi Mtumba ni kuhakikisha sheria zinapatikana kwa Kiswahili kwa bei ambayo mwananchi ataimudu.

Nawe msomaji mwenye shauri mahakamani: hukumu ikisomwa, usiondoke bila kuuliza lini utapata nakala yake, na omba iwe kwa Kiswahili. Muda wa rufaa ni mfupi. Wiki ijayo tutaichambua Sheria ya Ndoa ya 1971.