Mihogo ya Nazi: Kitindamlo cha Nyumbani na Tahadhari Zake



Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kupika mihogo ya nazi yenye sukari na iliki. Ni chakula kitamu baada ya mlo, kinafaa sikukuu ya parokia au mkutano wa jumuiya, na akina mama wanaweza kukipika kwa ajili ya kuuza.

Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa tumezoea mahindi, maharage na viazi. Muhogo haupendi baridi. Hustawi sehemu za chini zenye joto kama Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Nazi nazo nyingi hutoka pwani. Wenye kulima mihogo tangu zamani wanafahamu ipi ni mitamu na ipi ni michungu. Sisi tunaoinunua sokoni mara nyingi hatufahamu, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa nini tahadhari?

Muhogo mbichi una kemikali inayotoa sumu ya sayanidi. Iko kwa wingi zaidi katika aina chungu na katika maganda, na huongezeka wakati wa ukame. Mtu akila muhogo wenye sumu nyingi anaweza kuumwa kichwa na tumbo, kupata kizunguzungu na kutapika; awahishwe kituo cha afya mara moja. Tena wapo wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, bila maharage, samaki wala nyama. Hao wanaweza kupata konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usiopona. Huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Nchini kwetu ulizuka Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, na Mtwara mwaka 2002 na 2003.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Muhogo mtamu uliopikwa vizuri ni chakula salama.

Mahitaji (watu 8 hadi 10)

- Mihogo mitamu kilo 2
- Nazi 2
- Sukari robo kilo
- Iliki punje 8, zilizotwangwa
- Chumvi kidogo

Namna ya kupika

1. Muulize muuzaji kama mihogo ni mitamu na imechimbwa lini. Isizidi siku mbili. Yenye mistari myeusi ndani msinunue.

2. Menyeni maganda yote mawili, la nje na lile nene la ndani. Kateni vipande vidogo, toeni mzizi wa katikati, kisha osheni.

3. Chemsheni kwa maji mengi bila kufunika sufuria mpaka mihogo ilainike kabisa. Mwageni maji hayo, msiyatumie tena. Onjeni kipande kidogo. Kikiwa kichungu, tupeni mihogo yote. Sukari huficha uchungu, haiondoi sumu.

4. Kuneni nazi, kamueni tui zito, liwekeni pembeni. Ongezeni maji ya uvuguvugu kwenye machicha, kamueni tui jepesi.

5. Pikeni mihogo kwa tui jepesi, chumvi na sukari kwa dakika kama 10, moto wa wastani.

6. Tieni tui zito na iliki. Koroga polepole mpaka lianze kutokota, kisha epua, tui lisije likakatika.

Chakula hiki huliwa kikiwa moto au kimepoa. Tui huchacha upesi, kwa hiyo kiliwe siku hiyohiyo. Maganda mabichi msiwape mbuzi wala nguruwe, maana nao hudhurika.

Lishe na biashara

Muhogo hutia nguvu, lakini hauna protini ya kutosha kumkuza mtoto. Basi kitindamlo hiki kifuate mlo wenye maharage, dagaa, mayai au maziwa, kisiwe badala yake. Kikundi kinachotaka kuuza kiandike kwanza gharama zote: mihogo, nazi, sukari, mkaa na nauli. Nazi ndiyo hupandisha bei huku kwetu. Msipange bei ya sahani kabla ya kujua nazi imegharimu kiasi gani wiki hiyo.

Ombi letu

Kamati za parokia, mnapoandaa somo la mapishi ya mihogo, mwalikeni bwana shamba au bibi shamba awaeleze akina mama, na akina baba pia, kuhusu aina za mihogo zinazopatikana sokoni kwenu. Nanyi wafadhili wetu, mnapochangia sufuria na majiko, ulizeni kama somo hilo limo katika mpango. Mama anayejua kupika bila kujua sumu iliyomo amefundishwa nusu tu, na wanaokula sufuria yake ni watoto wake.