Kulala hemani Msimbati: jua maji kabla ya kupiga hema

Korosho zikishauzwa, wapo miongoni mwetu wanaoweka akiba ili wawapeleke watoto wakaione bahari. Wengi huishia Mtwara mjini au Mikindani. Ukitaka kulala ufukweni, fikiria Msimbati, kusini mwa Mtwara.

Tunashauri uende kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekwisha. Ila upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, hivyo kaza kamba za hema. Beba chandarua na maji ya kunywa.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Uliza mapema kuhusu kiingilio na mahali panaporuhusiwa kulala. Ukikuta mayai ya kasa, usiyaguse.

Jambo kubwa ni maji. Sisi wa juu milimani hatukuyazoea. Bahari hujaa na kupwa kila baada ya takriban saa sita. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana. Siku hizo, mchanga ulio mkavu saa nne usiku unaweza kufunikwa kabla ya alfajiri, watoto wakiwa usingizini.

Tazama mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji. Piga hema juu yake, mbali kidogo, wala si chini ya mnazi. Usipouona, waulize wavuvi.